Kocha Aliyekuja Mikono Mitupu

Mara ya kwanza kumwona yule mwanamke, hakuwa akiutazama mpira, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza. Ukumbi mzima wa michezo pale Walthamstow ulikuwa unapiga kelele, wazazi wamesimama, wasichana wanakimbizana na mpira wa kikapu huku na huku, na yeye amekaa juu kabisa peke yake, Mzungu wa traksuti ya bluu, kalamu mkononi, anamtazama mwanangu. Wakati huo mwanangu alikuwa ametolewa nje apumzike. Amekaa benchi, anakunywa maji. Sasa hebu niambie, mtu mzima na akili zake anamtazama mtoto wa mwenzie anavyokunywa maji, ili iweje?

Nilimchunga mpaka mchezo ukaisha. Mwanangu alipoinuka kumpa mwenzake taulo, yule mwanamke akaandika. Alipokaripiwa na mwalimu wake akanyamaza bila kununa, akaandika. Alipofunga, watu wakashangilia, hakuandika kitu. Halafu akageuza shingo akanitazama mimi. Alianza miguuni, akapanda taratibu mpaka kichwani, vile watu wanavyomtazama ng'ombe mnadani. Mimi ni mrefu, nimezoea kutazamwa, lakini si vile. Nikamkodolea macho mpaka akainama.

Kwenye basi nikamuuliza mwanangu yule ni nani. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Nilimleta London akiwa bado anabebwa mgongoni. Kiswahili alikisikia chote, hata matusi, lakini kukisema ilikuwa kama unamtoza ushuru. Akaniambia yule ni kocha wa timu ya wasichana ya chuo kimoja Marekani. Mwalimu wa klabu yao alimpelekea mkanda wa video, na sasa amekuja mwenyewe. Anataka mwanangu aende akacheze kwao, na chuo kimsomeshe.

"Kimsomeshe kwa masharti gani?" nikauliza.

"Ni skolashipu, Mama. Masomo, chumba, chakula. Vyote bure."

"Bure! Kwa kurusha mpira?"

Akageukia dirishani. Nilijua amekasirika, na yeye alijua sijamaliza.

Mimi si mtu wa kuamini upesi, na nina sababu zangu. Baba yake alishawahi kuondoka kwenda nyumbani, kule tulikotoka, kushughulikia kiwanja. Mwaka mmoja tu, aliniambia, nikiwa nimemshikia begi pale uwanja wa ndege. Mwaka mmoja ukaleta mwingine, mpaka nikasikia kwa watu kwamba nyumba imesimama na ndani yake kuna mke. Tangu hapo mtu akiniambia neno tamu, naanza kutafuta ameficha nini.

Tukabaki wawili kwenye flati ya kaunsili, ile ya kupanga kwa halmashauri, mimi na mwanangu, na redio. Redio yangu ilikuwa haizimwi. Wala sikuwa naisikiliza. Nilipenda tu nyumba iwe na sauti ya mtu nikitoka zamu. Mwanangu anaipunguza, mimi naiongeza, basi ndiyo yalikuwa maisha yetu.

Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na pale nilikuwa na rafiki, mama mmoja wa Kikongo kutoka Bukavu. Nilipomweleza habari ya kocha, aliweka chini shuka aliyokuwa anakunja.

"Hakuna kitu ya bure, mama," akasema. "Minakuambia. Batamupeleka kule, batamutumikisha, na weye utabaki kulia. Nani alikulipia masomo juu ya kucheza?"

"Ndiyo ninachouliza!"

Mpwa wake akatutafutia kile chuo kwenye kompyuta. Tukaona majani ya kijani, majengo ya matofali mekundu, miti mizuri, na hakuna mtu hata mmoja. Rafiki yangu akanitazama, nami nikamtazama. Chuo gani kisicho na watu?

Kocha akapiga simu, mwanangu akapokea. Akasema angependa kuja nyumbani kunitembelea. Nyumbani! Kwetu mtu asiyekujua akiomba kuja nyumbani kwako kwa habari ya binti yako, hiyo ni posa, na posa ina namna yake. Haji mwenyewe, anatuma mtu wa kumsemea. Haji mikono mitupu. Na hata akija vizuri, hajibiwi siku hiyohiyo. Anaambiwa tumesikia, anaondoka, mwenye nia ya kweli atarudi. Sasa huyu alitaka kuja Jumamosi, na Jumatatu anapanda ndege kurudi kwao, akiwa na jibu mkononi. Haraka ya nini?

Hapo ndipo nikapata wazo langu. Kazini nilikuwa nimejifunza jambo moja kuhusu watu wa London: wakidhani hujui lugha yao, wanasema kila kitu mbele yako. Watoto wa wale wazee walikuwa wanagombania nyumba ya mama yao mimi nikiwa palepale namvisha soksi. Basi nikamwita mwanangu.

"Jumamosi mimi sijui Kiingereza."

"Mama, please."

"Sijui hata neno. Wewe utatafsiri. Tuone akisahau kama nipo atasema nini."

Alinisihi, akanuna, akasema nitamwaibisha. Nikamwambia bora aibu ya siku moja kuliko kupigwa changa la macho maisha yote. Mwisho akakubali, maana aliitaka ile nafasi, na alijua bila mimi kuweka sahihi haendi popote.

Jumamosi nikatoa vikombe vyangu vya harusi, vile vya ua la waridi ambavyo mwanangu hakuruhusiwa hata kuvisogelea. Nikapika maandazi. Nikavaa dira langu la sikukuu. Kocha akabisha hodi, nikafungua, na kitu cha kwanza nilichotazama ni mikono yake. Haikuwa na kitu. Si maua, si biskuti, wala kilo ya sukari. Loo! Mtu amevuka bahari kuja kuchukua mtoto, na hakubeba hata mkate.

Akakaa. Nikamwambia mwanangu kwa Kiswahili, huku nikitabasamu, "Muulize kwao watu wanaendaje ugenini."

Mwanangu akafumba macho kidogo, halafu akatafsiri. Kocha akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaeleza kwamba sheria za michezo ya vyuo vyao zinamkataza kocha kumpa mchezaji au familia yake kitu chochote kabla hajajiunga, iwe fulana, iwe kalamu. Ni rushwa. Wakimkamata, anafungiwa yeye na mtoto pia.

Mwanangu akanirudishia yote kwa Kiswahili. Ilimbidi. Kilitoka kikichechemea, maneno mengine ameyageuza nyuma mbele, na mimi niliyeyasikia tayari kwa Kiingereza nikaketi namsikiliza tena upya. Sikumbuki lini mara ya mwisho aliniambia maneno mengi hivyo kwa lugha yangu. Nilifurahi kimoyomoyo, lakini usoni sikuonyesha kitu. Sheria gani hiyo inayokataza sukari?

Kocha akachukua andazi, akala, akachukua la pili. Kisha akamgeukia mwanangu akasema, kwa sauti ya chini, "Mama yako ana uso wa refa."

"Anasema maandazi ni matamu," mwanangu akanitafsiria, akijua fika nimesikia.

Ala! Nikameza. Nikamwongezea mgeni chai.

Nikauliza swali langu: kwa nini huyu? Marekani nzima haina wasichana warefu? Kocha akafikiri. Halafu akafanya kitu ambacho sikutegemea. Akasogeza sahani pembeni, akavipanga vikombe vyangu mstari mmoja mezani, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama anajua vina thamani.

"Hii ndiyo timu yangu," akasema. "Kila kikombe ni msichana mmoja anayesomeshwa na chuo. Siwezi kuongeza hata kimoja, idadi imewekwa." Akasogeza viwili mwisho wa meza. "Hawa wanamaliza mwaka huu. Na wale pale wanamaliza mwakani. Lazima nijue leo nani ataziba pengo la miaka miwili ijayo, la sivyo nitabaki na timu ya watu wa aina moja. Wepesi wa kukimbia ninao. Wa kurusha kwa mbali ninao. Sina wa kusimama chini ya kikapu asukumwe na asianguke."

Akachukua kikombe kimoja kitupu, akakiweka mbele yangu mimi, si mbele ya mwanangu.

"Hiki nimekiacha wazi tangu mwaka jana. Warefu nimewaona wengi. Nilikuwa namtafuta mrefu ambaye akitolewa nje anampa mwenzake taulo."

Basi hilo ndilo alilokuwa anaandika. Nikakumbuka ukumbini, nikakumbuka na jinsi alivyonipima kwa macho.

"Na mimi alinitazama vile kwa nini?" nikauliza.

Kocha akacheka, akasema mwanangu bado anakua na alitaka kujua ataishia wapi. Nikataka kucheka, nikajizuia. Mtu mwenye jibu la kila kitu ndiye wa kuogopa zaidi. Nikakishika kile kikombe, nikakifudikiza juu ya kisahani chake.

"Muulize, mtoto wangu akiumia? Goti likivunjika, kikombe hiki anapewa nani?"

Mwanangu akatafsiri polepole. Nikajisemea moyoni, haya, tumefika.

"Skolashipu ni ya mwaka mmoja mmoja," akasema. "Kila mwaka inaandikwa upya. Mimi sijawahi kumnyang'anya msichana kwa sababu ameumia. Lakini sheria inaniruhusu, na siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa kocha pale siku zote. Sitaki uambiwe na mtu mwingine baadaye."

Mwaka mmoja! Sikungoja tafsiri vizuri. Nikamwona tena yule mwanamume na begi lake pale uwanja wa ndege. Nikainuka, nikasema nakwenda kuongeza maji ya chai, nikaingia jikoni. Mpango wangu ulikuwa kurudi, kusema tumesikia, kumfungulia mlango na kumwombea safari njema. Yamekwisha.

Jiko letu na sebule vilitenganishwa na ukuta wa ubao mwembamba. Nikawasha birika la umeme. Lilikuwa birika la zamani, linanguruma kama lori linapanda mlima, ukiwa sebuleni husikii wa jikoni na ukiwa jikoni husikii wa sebuleni. Nikasimama na kitambaa mkononi. Birika likachemka, likajizima lenyewe, na sauti ya mwanangu ikabaki peke yake hewani, bado ameipandisha kushindana na ile kelele.

"...mwambie umepata mwingine," alikuwa anasema. "Mwambie umepata mrefu kuliko mimi. Tafadhali."

"Kwa nini?" kocha akauliza. "Hutaki kuja?"

"Nataka mpaka naumwa. Lakini baba yangu alisema mwaka mmoja, na hakurudi. Nikiondoka na mimi, Mama atabaki peke yake humu ndani. Hatasema kitu. Atasema niko sawa. Tulipokwenda mashindano Manchester nilimpigia simu, nikasikia watu wanaongea, akaniambia ana wageni. Hakuwa na wageni. Ni redio. Anaifungulia redio ili nyumba iwe na watu." Akavuta pumzi. "Siwezi kuwa mtu wa pili wa kumwacha. Wewe ukikataa, atakuchukia wewe tu, na wewe unaondoka Jumatatu."

Nilishika meza ya jiko. Mtego nilikuwa nimemtegea mgeni, na nilikuwa tayari kusikia kila ubaya kutoka kinywani mwake. Sikuwa nimejiandaa kumsikia mwanangu. Niliona aibu kuhusu ile redio, aibu mpaka nikaitazama pale juu ya friji kana kwamba ndiyo iliyonisema. Nikaona na hasira. Nani alimwambia mtoto anibebe? Halafu nikalia, kimya, nimeuma kitambaa cha vyombo.

Nikatega sikio nimsikie kocha. Nikangoja. Nilijiambia, sasa ndiyo utamjua. Anaombwa uongo mdogo tu, na anayedanganywa ni mama asiyejua hata lugha, ambaye asingegundua maisha yake yote. Wangapi wangekataa?

"Siwezi kumwambia mama yako hivyo," kocha akasema. "Si kweli. Hakuna mwingine. Akinikatalia, nitaondoka na kikombe kitupu, lakini simdanganyi mtu ndani ya nyumba yake."

Nikaosha uso kwenye sinki. Nikajaza buli. Nikatoka.

Wote wawili walikaa wima kama watoto waliovunja kitu. Macho ya mwanangu yalikuwa mekundu. Akajifanya anapangusa makombo mezani. Nikakaa. Nikakifudua kile kikombe, nikakijaza chai mpaka juu, nikakisukuma kwa kocha.

"Is it too sweet?" nikamuuliza kwa Kiingereza. "My daughter says I put too much sugar."

Kocha alibaki na kikombe katikati ya meza na mdomo. Mwanangu akajifunika uso kwa mikono miwili.

"Muda wote huu," kocha akasema, "ulikuwa unanielewa?"

"Mpaka la refa," nikamjibu.

Alicheka, maskini, akamwaga chai kwenye kitambaa changu nilichofuma mwenyewe. Mimi sikucheka bado. Nilikuwa na neno la kumaliza, na nilitaka alisikie kutoka kinywani mwangu bila kupitia kwa mtoto. Nikamwambia kwamba kwetu binti akiolewa, wazazi wanamwambia mume neno moja mbele ya watu: ukimchoka, usimpige, usimtupe, turudishie kama ulivyomchukua. Nikamwambia yeye si mume, ila anachukua vilevile, tena kwa mwaka mmoja mmoja. Kwa hiyo neno ni hilohilo.

Aliweka kikombe chini. "Nimesikia," akasema. "Nikimchoka, nitamleta mwenyewe mpaka mlango huu."

"Na siku hiyo usije mikono mitupu."

Mwanangu akaondoa mikono usoni. Akanitazama, akamtazama kocha, akanitazama tena. Nilimwona anatafuta nimesikia kiasi gani kule jikoni. Sikumpa kitu. Nilimwambia tu akamate chupa ya maziwa, mgeni hana maziwa.

Kocha alipoondoka, mwanangu akasimama mlangoni, mrefu karibu aguse fremu, akaniuliza kwa Kiswahili, hakulazimishwa na mtu, "Mama, utaweza?"

"Nitaweza nini? Mimi nina wageni kila siku," nikasema. Akaniangalia, akaja akanikumbatia kwa nguvu, akanikandamiza vile anavyowakandamiza wenzake chini ya kikapu. Tukabaki hivyo mpaka chai ikapoa.

Aliondoka mwezi wa nane. Rafiki yangu wa Kikongo alikuja kumuaga, akamwekea pilipili ya kusaga kwenye begi, akanong'ona kwangu kwamba bado hajaamini. Nikamwambia hata mimi bado. Ilikuwa kweli. Kila niliposoma lile neno, mwaka, kwenye karatasi nilizowekea sahihi, nilirudi mwanzo nikaisoma karatasi upya.

Simu yake ya kwanza kutoka kule ililia mchana mmoja nikiwa napika. Nilijua ni yeye kwa namba ndefu. Kabla sijapokea, nilivuka jiko haraka nikaizima redio.

"Haloo," nikasema.

Hakujibu mara moja. Nilisikia anapumua, na kwa mbali kelele za wasichana na mpira unadunda. Alikuwa anasikiliza. Alisikiliza kwa makini kabisa, nami nikasimama pale na mwiko mkononi, nyumba nzima kimya, nikamwacha asikilize mpaka aridhike.

"Shikamoo, Mama," akasema mwisho. "Uko sawa?"

"Marahaba. Niko sawa."

Tukaongea habari za chakula, baridi, na goti lake ambalo lilikuwa zima. Alipokata simu, niliiwasha redio tena.